Simu ya mgonjwa wa kisukari imkute mtu upande wa pili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie matumizi ya simu katika kujisimamia kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Mimi ni karani mstaafu wa bandarini, mkazi wa Kisauni, na maradhi haya nimekaa nayo kwa miaka 11. Siandiki kama daktari. Ninaandika kwa sababu katika miaka mitatu iliyopita nimejaribu programu za simu, nimeingia katika kundi la WhatsApp la wagonjwa, nimepata mshauri na nimempoteza, na kutokana na hayo yote nina ombi moja kwa wanaosimamia afya katika Kaunti ya Mombasa.

Nianze na programu ya kwanza, ambayo mwanangu aliniwekea kwenye simu kwa nia njema. Asubuhi ya kwanza nilijidunga kidole, glukomita ikaonyesha 8.2, nikaiandika namba hiyo kama nilivyoelekezwa. Papo hapo kioo cha simu kikawa chekundu, na nikaamriwa ninywe juisi au nilambe sukari bila kuchelewa kisha nitafute msaada. Nilishika bilauri ya juisi ya embe mkononi kabla mke wangu hajaniuliza kama kweli najihisi mgonjwa, nami sikuwa nahisi chochote. Jioni mwanangu aliporudi kazini ndipo tulipotambua kilichotokea. Hapa Kenya sukari ya damu tunaihesabu kwa milimoli kwa lita, ilhali Marekani, ilikotoka programu ile, huihesabu kwa miligramu kwa desilita. Kupata hesabu yao mtu huzidisha ya kwetu kwa 18, kwa hiyo 8.2 yangu ilikuwa karibu 148 yao. Programu ilidhani nimebakiwa na miligramu nane tu za sukari, yaani kwamba nilipaswa kuwa nimezimia. Palikuwa na mahali pa kubadilisha kipimo, na kubadilisha kwenyewe kulichukua muda mfupi, lakini mtu anayeishi peke yake, asiyesoma Kiingereza na anayeamini kwamba mashine haikosei, angekunywa ile juisi, na kesho yake angekunywa nyingine.

Programu ya pili ilijua hesabu, ila haikujua tunachokula. Mahamri haikuyatambua, wala mbaazi za nazi, wala mkate wa mofa, wala kaimati, wala viazi karai. Zaidi ya hapo, ilinitaka niandike gramu za wali nilizokula, na nyumbani kwetu hatuli kwa sahani. Tunakula sinia moja, mimi na wanangu na wajukuu, na hakuna aliyewahi kumega wali huku akihesabu gramu. Kwa wiki mbili nilikisia, kisha nikachoka kukisia, kisha nikaacha. Nadhani hivyo ndivyo zinavyokufa programu nyingi za namna hii, na mwenye simu hujilaumu kwamba hana nidhamu.

Mambo yalibadilika nilipokutana na muuguzi mmoja kijana katika kliniki ninayohudhuria. Huko ng'ambo mtu wa kazi yake katika mipango ya kisukari humwita kocha, neno ambalo sisi tumelizoea uwanjani. Mimi nitamwita mshauri. Alituunganisha wagonjwa kumi katika kundi la WhatsApp, kwa simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, na nje ya saa zake za kazi. Kwanza kabisa alinikataza kupima ovyo. Nilikuwa nikipima kila alfajiri, naona tisa, nanung'unika, kisha siku inaendelea kama jana yake. Kopo la vijiti 50 vya kupimia sukari si rahisi kwa mtu anayeishi kwa pensheni, na kila kijiti nilikitumia kuthibitisha jambo ninalolijua tayari. Yeye alinipangia siku mbili kwa juma, mlo mmoja kila siku, nipime kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, nimtumie namba zote mbili pamoja na picha ya chakula.

Tulianza na staftahi. Kwa mahamri manne na chai ya maziwa yenye sukari, nilitoka 7.4 nikafika 13.1. Juma lililofuata, kwa mahamri mawili, mbaazi bakuli zima na chai ya mkandaa isiyotiwa sukari, nilitoka 7.6 nikafika 9.8, na kiwango ambacho wengi wetu huambiwa tusikipite baada ya mlo ni 10. Miaka minane ya kuambiwa "punguza wanga" haikunifunza kama zilivyonifunza namba hizo nne, kwa sababu hazikuwa za kitabuni, zilikuwa za damu yangu na meza yangu. Kuhusu sinia alinijibu kwa ujumbe wa sauti ambao nimeuhifadhi mpaka leo: "Mzee, usihame kwenye sinia. Kabla mkono wa mtu haujaingia, pima wali wako kwa bakuli lile lile kila siku, umimine upande wako, ukiisha umeisha. Na uanze na mchicha na samaki, wali uje nyuma." Aliniagiza pia nitembee robo saa baada ya chakula cha usiku, kwa maana misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, nami nikawa natembea kila usiku baada ya sala ya isha, mpaka majirani wakadhani nimeajiriwa kulinda mtaa.

Mengine aliyotufunza hayamo katika programu yoyote niliyoifungua. Hewa ya pwani yetu ina unyevunyevu na joto, na vijiti vya kupimia huharibika visipofungwa katika kopo lake, kwa hiyo ule mtindo wa kununua vijiti vichache vilivyofungwa katika karatasi haufai. Aliyemenya embe na asinawe mikono atapima sukari ya embe iliyo kwenye kidole chake. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi mitatu, HbA1c, kinachosomwa kwa asilimia, kinaweza kumpotosha mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu au mwenye selimundu, maradhi ya kurithi ya chembe nyekundu za damu, kwa kuwa kinategemea chembe nyekundu zinazoishi siku 120 hivi, na selimundu si jambo geni kwa familia za pwani. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisifiwa kwa kipimo kizuri, ilhali glukomita yake nyumbani ilisema mengine, alirudishwa kwa daktari kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

HbA1c yangu ilishuka kutoka asilimia 9.4 hadi 7.6 kwa miezi minane. Sitadanganya kwamba ni kazi ya simu peke yake, kwani katika kipindi hicho daktari aliniongezea pia metformini, vidonge vya kushusha sukari. Lakini ni muuguzi huyo aliyenifanya nirudi kwa daktari nikiwa na namba zilizoandikwa kwa tarehe, na daktari mwenyewe alikiri kwamba bila hizo asingeongeza dawa kwa haraka ile.

Kisha muuguzi akahamishwa. Sina ugomvi na waliomhamisha, kwani uhamisho ni desturi ya utumishi wa umma; ninacholalamikia ni kwamba kazi aliyokuwa akitufanyia haikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyeikabidhiwa. Kundi lilibaki bila mwenyewe. Mwezi wa kwanza tulitumiana salamu za Ijumaa. Mwezi wa pili akaingia mtu, hatujui aliongezwa na nani, akiuza unga wa mizizi unaoponya kisukari kwa siku 40. Zikafuata sauti za watu tusiowajua zikisema metformini huua figo. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, mtu mpole na mwenye akili, aliacha vidonge akawa anakunywa unga ule, na baada ya wiki tano alipelekwa hospitali akiwa na sukari ya 27 na kidonda mguuni ambacho hakuwa amekihisi. Alipona, ila kidole kimoja cha mguu hakurudi nacho nyumbani. Simu iliyomfikishia ushauri mwema ndiyo iliyomfikishia ule mbaya, na haikuwa na njia ya kujua tofauti.

Huenda msomaji akaniambia kwamba hiki ni kisa cha mtaa mmoja. Basi nitaje yaliyopimwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2016, uliojumlisha majaribio 14 ya programu za simu kwa wagonjwa wa kisukari, ulikuta kwamba kwa wenye aina ya pili HbA1c ilishuka kwa wastani wa nusu ya asilimia moja hivi kuliko kwa wasiotumia. Hilo si dogo kama linavyosikika. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka wa 1977 ulionyesha kwamba kila HbA1c inaposhuka kwa asilimia moja, madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho, figo na neva, yalikuwa pungufu kwa asilimia 37. Kwa hiyo sipingi teknolojia hata kidogo.

Tena mfano wenye nguvu zaidi ninaoujua ni wa hapa hapa Kenya, ingawa haukuhusu kisukari. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2010, wagonjwa 538 wa virusi vya ukimwi katika kliniki mbili za Nairobi na moja ya Kajiado waligawanywa, na nusu yao wakawa wanatumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa juma. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Haikuhitajika simu ya kisasa wala bando. Hata kabambe, ile tunayoiita mulika mwizi, ilitosha. Waliokuwa wakimeza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62 upande wa ujumbe, na asilimia 50 upande wa pili. Naomba wapangaji wetu walitazame kwa makini jaribio hilo, kwa kuwa sehemu ya mashine ilikuwa rahisi mno, na sehemu ya binadamu, yule anayepiga simu kwa aliyenyamaza, ndiyo iliyowekwa kwa uangalifu.

Hata hivyo, ujumbe ule usiletwe Mombasa jinsi ulivyo. Mzee wa Mji wa Kale akiulizwa "Mambo?" na kliniki atataka kujua adabu zimekwenda wapi. Na hata salamu ikiwa ya heshima, kuna tatizo la ndani zaidi, ambalo mtu asiyekulia huku hatalifikiria: sisi salamu hatuijibu kwa ukweli. Hujambo, sijambo; habari za asubuhi, njema; na anayeumwa kabisa atasema "Alhamdulillahi" kwanza, kisha baada ya maswali matatu ndipo utasikia kwamba hajalala kwa siku mbili. Mama mmoja katika kundi letu aliandika "sijambo mwanangu" kila Jumatatu kwa miezi miwili, na sukari yake haikushuka chini ya 15. Kwa mgonjwa wa pwani, ujumbe wa kliniki uamkie kwa adabu, kisha uulize kitu chenye jibu la namba au la ndiyo na hapana: jana ulipima ngapi, vidonge vimebaki vingapi, je, miguu umeitazama juma hili. Aliyebakiwa na vidonge vitatu hawezi kujibu "njema". Maneno ya namna hii lazima yaandikwe na watu wa huku, wala yasiwe Kiingereza kilichogeuzwa neno kwa neno, ambacho tumekisoma katika vipeperushi vingi na hatukukielewa.

Ramadhani ni jambo jingine linalohitaji mtu wa huku. Mwongozo wa kimataifa kuhusu kisukari na saumu unashauri mgonjwa aonane na wahudumu wake wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, yaani ndani ya Rajabu, ili ipimwe kama kufunga kunamfaa na saa za dawa zipangwe upya. Na unasema saumu ifunguliwe sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.6. Wengi wetu tunatumia glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, ambayo inaweza kuishusha sukari kwa hatari mtu anaposhinda bila kula. Bado nawajua watu wanaoogopa kujidunga kidole mchana wakidhani kunabatilisha saumu, ilhali wanazuoni wengi wameeleza kwamba hakubatilishi. Senegal waliliona hili mapema, na mwaka wa 2014, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, walikuwa wakiwatumia wagonjwa ujumbe mfupi wa simu kuhusu kufunga na kisukari. Mombasa haina sababu ya kutofanya hivyo. Ujumbe mmoja katika Rajabu, mmoja katika Shaaban, na mtu wa kuupokea mwito wa saa kumi alasiri mgonjwa anapotetemeka huku kijiti kikisema 3.4, ungezuia safari kadhaa za usiku kwenda hospitali.

Sasa ombi lenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii tunao tayari. Mwaka wa 2023 serikali iliwapa wahudumu wapatao laki moja nchini mikoba ya kazi yenye glukomita na kipimo cha shinikizo la damu, na simu za kuandikia kumbukumbu za nyumba wanazozitembelea. Wa mtaani kwetu ni mama hodari anayejua kila mlango, ila mara nyingi glukomita anayo na vijiti hana. Naomba idara ya afya ya kaunti ianze na kliniki chache za kisukari, hata mbili tu, moja Kisauni na moja Likoni, kila moja ipewe muuguzi mmoja ambaye ushauri wa simu utakuwa sehemu ya kazi yake iliyoandikwa, yenye saa zake ndani ya zamu, yenye laini ya simu ya kliniki badala ya laini yake binafsi, ili akihamishwa laini ibaki na anayefuata akabidhiwe daftari. Ujumbe uwe mfupi, usiomgharimu mgonjwa anapojibu. Anayenyamaza apigiwe, na asipopokea atembelewe na mhudumu wa mtaa wake, mwenye vijiti mkobani.

Wenye programu za kisasa, na wale wa vihisio vinavyobandikwa mkononi vinavyosoma sukari usiku na mchana, wakaribishwe pia, lakini waulizwe maswali kabla ya kupewa wagonjwa: je, programu inatumia milimoli, je, inasema Kiswahili, je, namba ninazoandika zinakwenda wapi? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na mimi nimewahi kuandika uzito wangu mahali fulani kisha nikaanza kutangaziwa chai ya kupunguza tumbo kila nilipofungua simu. Sijui kama mambo hayo mawili yalihusiana. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeniomba ruhusa kwa lugha ninayoielewa.

Najua nitaambiwa kwamba wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli, na nimekaa kwenye foleni hizo. Lakini nimehesabu, kwa tabia yangu ya ukarani: muuguzi wetu alikuwa akitumia kama nusu saa kwa siku kwa watu kumi, na katika miezi minane ile hakuna hata mmoja wetu aliyelazwa kwa ajili ya sukari. Katika miezi sita baada ya kuondoka kwake tumelazwa watatu, mmoja wao kwa siku 19. Watu kumi si utafiti, na sitaki mtu aninukuu kama kwamba ni utafiti. Ndiyo maana naomba ufanywe wa kweli, kwa kliniki hizo mbili, kwa mwaka mmoja, na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya.

Sisi tisa tuliobaki katika kundi la zamani, kwani mmoja amehamia Lamu kwa mwanawe, tuko tayari kuandikishwa wa kwanza. Muuza unga tulishamtoa. Kliniki yetu ni kila Jumanne ya pili ya mwezi, na anayetaka kutuuliza lolote atatukuta kwenye mabenchi ya nje kuanzia saa moja asubuhi, kila mmoja na daftari lake la namba.

Wako mtiifu,
Mstaafu wa bandarini,
Kisauni, Mombasa.